Wanataja picha 60 lakini hawawezi kuomba maji: nianzie wapi?

*"Nafundisha darasa la wanafunzi tisa wenye umri wa miaka 6 hadi 11. Watano ni viziwi, wawili wana usonji, mmoja ana ulemavu wa akili, na mmoja ana mtindio wa ubongo: haongei, na mikono yake haimtii. Nina msaidizi mmoja. Mwaka mzima nimewafundisha kwa kadi za picha. Wengi wao nikiwauliza 'hii ni nini?' wanajibu kwa alama au kwa kuonyesha, kadi zaidi ya 60. Lakini wakishikwa na kiu wananivuta mkono, wanalia, au wanakaa kimya tu. Mmoja wa wale wenye usonji hutupa vitu kila tunapoanza hesabu. Mama wa mtoto mmoja kiziwi ameniomba niachane na alama nimfundishe mwanawe kusoma midomo, anaogopa akizoea mikono hataongea kamwe. Wenzangu wananiambia uwezo wa watoto hawa ndio umeishia hapo. Nimekosea wapi?"*

Mwalimu, mtoto aliyejifunza kadi 60 si mtoto aliyeshindwa kujifunza. Amejifunza kile hasa ulichomfundisha: akionyeshwa picha na kuulizwa, anataja. Ulichokuwa unakitafuta ni kitu kingine, na hicho bado hakijafundishwa. Wenzako wanahukumu matokeo ya somo ambalo halijatolewa.

Kutaja na kuomba tunaviona kitu kimoja kwa sababu neno ni lile lile. Mtu mzima akijua neno "maji" analitumia kokote: kuagiza, kuonya, kuuliza, kulalamika. Kwa mtoto anayeanza lugha, hasa mwenye usonji au ulemavu wa akili, matumizi hayo ni masomo mbalimbali. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliyatenganisha mwaka 1957, na walimu wa watoto hawa wamekuwa wakiliona jambo hilo madarasani tangu hapo. Mtoto anapotaja, kinachomsukuma ni picha na swali lako, na malipo yake ni "vizuri sana!" Anapoomba, kinachomsukuma ni kiu. Hakuna picha mbele yake, hakuna aliyemuuliza, na malipo anayoyataka ni maji yenyewe. Sifa zako hazimkati kiu. Msukumo ni mwingine na malipo ni mengine, ndiyo maana ujuzi wa huku hauvuki wenyewe kwenda kule.

Kuna somo la pili lililoingia bila wewe kukusudia. Katika zoezi la kadi, anayeanza siku zote ni mwalimu. Baada ya mwaka wa kuulizwa "hii ni nini?", mtoto ameshika kanuni moja imara: kuwasiliana ni kungoja kuulizwa. Kwa hiyo anakaa na kiu yake, anangoja swali.

Wala usiudharau ule mkono unaovutwa. Mtoto anayekuvuta kuelekea kwenye maji ana jambo moyoni, anajua kwamba wewe ndiye wa kumsaidia, na amekufuata. Kilichobaki ni njia ambayo hata mtu asiyemzoea ataielewa. Hiyo ndiyo kazi, na inafundishika.

Kwanza lakini, ligawe darasa lako kichwani, maana humo mna masomo mawili tofauti. Viziwi watano hawapungukiwi na uwezo wa lugha. Lugha ndiyo haijawafikia. Akili zao ziko tayari kupokea lugha nzima, yenye jana na kesho, maswali, mizaha na ubishi, ilimradi ipitie machoni. Wanachohitaji ni lugha kamili ya alama inayotumiwa na viziwi wa nchini mwenu, kutoka kwa watu wanaoiongea kila siku, na bora zaidi kiziwi mtu mzima aje darasani hata mara mbili kwa wiki. Kadi za picha kwao ni nyongeza tu. Tangu William Stokoe alipochapisha uchambuzi wake wa lugha ya alama ya Marekani mwaka 1960, wanaisimu wameonyesha kwamba lugha za alama zina sarufi yake yenyewe, ambayo sehemu yake hubebwa na uso: nyusi, midomo, mwelekeo wa kichwa.

Hawa wanne wengine wanasikia, kwa kadiri tunavyojua (nitalirudia hilo mwishoni, kwa sababu si la kuchukuliwa hivi hivi). Kwao unaweza kuazima alama chache za maneno muhimu kutoka lugha ile ile ya viziwi na kuzitoa huku unaongea kawaida: "Unataka *maji*?" kwa alama moja tu ya "maji". Inawasaidia, kwa sababu alama hudumu machoni kuliko neno linavyodumu sikioni. Ila njia hiyo hiyo ukiitumia kwa viziwi unawaharibia. Mdomo ukikimbia na mikono ikijaribu kuufuata, mikono ndiyo inayoacha maneno njiani. Wewe unasikia sentensi nzima kichwani mwako. Mtoto kiziwi anaona sentensi yenye matundu. Ukiongea na viziwi, tumia alama kwa mpangilio wake, na uache sauti.

Sasa kuomba. Anza na mmoja wa wale wenye usonji, na kitu anachokipenda kupita kiasi. Maji yatafuata baadaye. Inaweza kuwa mpira unaowaka taa, mapovu ya sabuni, au kusukumwa kwenye bembea. Kaa mbele yake na kitu hicho, msaidizi wako akae nyuma yake. Kati yenu pawe na kadi moja tu, picha ya kitu hicho. Usiulize "unataka nini?" na usimwambie "nipe kadi". Funga mdomo kabisa. Fungua chupa ya mapovu, puliza mara moja, kisha tulia. Atanyoosha mkono kuifuata chupa. Hapo hapo msaidizi, bila kusema neno, anauongoza mkono ule hadi kwenye kadi, anamsaidia kuiokota na kuiweka kwenye kiganja chako ulichokifungua. Kadi ikigusa kiganja, puliza mapovu papo hapo, ukisema na kutoa alama ya "mapovu". Usianze na pongezi. Mapovu yenyewe ndiyo jibu, na jibu likichelewa hata sekunde tatu mtoto haoni limetoka wapi.

Rudia mara 8 hadi 10, kisha acha kabla hajachoka. Kadiri siku zinavyokwenda, msaidizi aondoe mkono wake kuanzia mwisho wa tendo: kwanza amwachie mtoto aiweke kadi kiganjani mwenyewe, kisha ainue mwenyewe, mwisho aiokote mwenyewe. Msaada ukiondolewa kuanzia mwanzo mara nyingi mtoto hukwama; ukiondolewa kuanzia mwisho, kila jaribio huishia kwenye ushindi wake mwenyewe. Mtoto asiyependa kushikwa usimlazimishe: gusa kiwiko tu, au sogeza kadi karibu na vidole vyake hadi aipate. Huu ndio mwanzo wa mfumo wa kubadilishana picha ulioanzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, na sababu ya kumweka mtu wa pili nyuma ni muhimu: wewe uliye mbele ukimwelekeza, mtoto atajifunza kungoja maelekezo yako, na tutakuwa tumerudi pale pale.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi. Mtoto akishatoa kadi mwenyewe ukiwa umekaa mbele yake, rudi nyuma mita moja, halafu mbili. Geuka umpe mgongo. Iweke kadi mbali naye kidogo. Sasa inambidi aiendee kadi, akufuate, akuguse ili ugeuke. Bila hatua hii anakuwa na ombi linalofanya kazi mezani tu, mwalimu akiwa anamtazama, na nje ya hapo anarudi kulia.

Kisha anza kumpa kadi mbili, na hapo utaona jambo litakalokukatisha tamaa: anatoa yoyote iliyo karibu. Ndiyo, bado hajaangalia picha. Amejifunza kwamba karatasi huleta vitu. Usimsahihishe kwa maneno. Weka kadi ya anachokipenda pamoja na kadi ya kitu asichokijali, soksi kwa mfano. Akikupa soksi, mpe soksi. Ataitazama, atakutazama, atakasirika kidogo. Onyesha kadi sahihi kwa kidole, mwongoze aitoe, na umpe mapovu. Kisha panga upya ukibadilisha nafasi za kadi, umwachie ajaribu mwenyewe. Soksi ile inamfundisha kuangalia kuliko "hapana" mia moja. Ikiwa baada ya wiki kadhaa bado hatofautishi, huenda picha ni ngumu kwake. Jaribu picha halisi ya kitu kile kile mnachokitumia, au shuka zaidi, utumie kitu chenyewe: mfuniko wa chupa uliobandikwa kwenye kadi umaanishe mapovu. Mchoro ni mgumu kuliko picha iliyopigwa, na picha ni ngumu kuliko kitu.

Kadi za sentimita 5 kwa 5 zinatosha mkono wa mtoto wa rika hilo. Zifunike kwa utepe wa gundi unaopitisha mwanga ili zisilowe. Na zikae naye. Zikiwa kwenye kabati la mwalimu, mdomo wa mtoto umefungiwa kabatini. Zifungwe kiunoni au shingoni kwa kamba inayokatika kirahisi ikivutwa, zimfuate chooni, uwanjani na nyumbani.

Kuhusu maji: yasigeuzwe mtego. Kunyimwa maji, chakula au choo ili mtoto "ajifunze kuomba" ni kumtesa, na hakufundishi kitu ila hofu. Unachoweza kufanya ni kutoa kidogo kidogo. Mimina mafunda mawili kwenye kikombe badala ya kukijaza, kisha tulia. Akikosa njia ya kuomba hata baada ya kusaidiwa, anapewa. Vile vile unaweza kupanga siku yako iwe na mapengo madogo yenye sababu: mkebe wa rangi uliofungwa kwa nguvu, penseli isiyochongwa, kiatu kimoja tu kati ya viwili, kipande cha fumbo la picha kilichobaki mkononi mwako. Lete pengo, inua nyusi, fungua viganja, kisha hesabu kumi moyoni. Kumi nzima. Walimu wengi hungoja sekunde moja au mbili halafu wanajibu wenyewe, na mtoto anayechelewa kuchakata alikuwa amefika nusu ya njia.

Angalia pia kadi zako 60 ni za nini. Ninashuku karibu zote ni majina ya vitu: kikombe, kiatu, nyumba, paka. Mtu hawezi kuishi siku nzima kwa majina. Ukinipa nafasi ya maneno kumi tu, ningechagua: tena, basi, sitaki, nisaidie, nipe, ngoja, twende, wapi, angalia, inauma. Neno "tena" peke yake linafanya kazi kwenye maji, bembea, wimbo na mpira. Weka maneno hayo kwenye ubao mmoja, kila moja mahali pake pa kudumu, maana baada ya muda mkono hukumbuka mahali kabla jicho halijatafuta. Ukipanga upya ubao kila mwezi ili upendeze, unamfutia mtoto kumbukumbu hiyo.

Kisha uutumie ubao huo wewe mwenyewe. Tunawataka watoto waongee kwa picha wakati hakuna mtu aliyewahi kuongea nao kwa picha. Mtoto anayesikia husikia lugha kwa karibu mwaka mzima kabla ya kutamka neno la kwanza. Ukisema "tumemaliza, basi", gusa "basi". Ukisema "twende nje", gusa "twende". Neno moja kwa kila sentensi linatosha, na usimdai arudie. Kwa wiki za kwanza utaona kama unaongea na ukuta, endelea.

Yule anayetupa vitu hesabu ikianza anawasiliana tayari, tena waziwazi. Kwa siku tano andika mambo matatu kila anapotupa: nini kilitokea kabla tu, alifanya nini, na alipata nini baada ya hapo. Mara nyingi sababu ni moja kati ya nne: anataka kupata kitu, anataka kuepuka kitu, anataka umtazame, au kuna jambo mwilini mwake, maumivu au kelele isiyovumilika. Kwa maelezo yako naona kuepuka. Anatupa, hesabu inasimama, vitu vinaokotwa, na dakika kumi zimepita. Kutupa kunamlipa.

Mpe njia ya kufikia lile lile kwa wepesi zaidi: kadi ya "pumziko", mezani mbele yake. Kabla ya hesabu kuanza, na kabla dalili zile unazozijua hazijatokea (kukunja vidole, kusogeza kiti), msaidizi amwongoze aitoe kadi, nawe umpe dakika mbili za kupumzika papo hapo. Siku za mwanzo ikubali kila mara. Ndiyo, hesabu itakuwa kidogo sana kwa wiki mbili, na wakaguzi wanaweza kuuliza, waeleze unachofanya. Akishaiamini kadi, ndipo uanze kumwongezea: "hesabu mbili, kisha pumziko", baadaye nne. Akitupa, usikatishe kazi; akitoa kadi, katisha. Jiandae kwa jambo moja: unapoacha kuulipa utupaji, kwa siku chache hutupa zaidi ya awali, kama mtu anayebonyeza kwa nguvu kitufe kilichokuwa kikifanya kazi. Ukikubali kushindwa hapo, umemfundisha kwamba kutupa kwa nguvu zaidi ndiko kunakosaidia. Kwa hiyo usianze wiki ambayo msaidizi wako hayupo.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ndiye anayenipa wasiwasi zaidi, kwa sababu mtoto asiyeongea wala kutumia mikono huonekana haelewi, na pengine anaelewa kila kitu. Anza na mkao. Nyonga zifike nyuma kabisa ya kiti, nyayo zikanyage kitu, meza iwe usawa wa viwiko. Mtoto anayepambana asianguke hana nguvu iliyobaki ya kuwasiliana. Ubao uweke katikati mbele yake. Kwa baadhi ya watoto hawa, kichwa kikigeuka upande mmoja mkono wa upande huo hunyooka wenyewe na mwingine kukunjika, na hapo hawezi kukielekea kitu anachokitaka.

Kisha tafuta "ndiyo" na "hapana" zake. Mtazame wakati anafurahi na wakati anakataa, uone ni kiungo gani kinamtii zaidi. Wengi huweza kuinua macho juu kwa "ndiyo" na kuyaelekeza pembeni kwa "hapana". Fundisha kwa maswali yenye maana kwake, moja moja, usimuulize mawili kwa pumzi moja, na mpe sekunde 20 hata 30. Ikithibitika kwa siku kadhaa, tumia ubao wa mistari minne yenye picha nne nne: unapitisha kidole, "Mstari huu? Huu?", akiinua macho unasimama, kisha unapita picha moja moja ndani ya mstari ule. Picha mojawapo iwe na maana ya "nataka kitu ambacho hakipo hapa". Bila hiyo, mtoto mwenye jambo lake atalazimika kuchagua moja ya mambo yako.

Nirudi kwa viziwi na yule mama. Hofu yake ni halali. Anataka mwanawe aelewane na watu barabarani, na mara nyingi nyuma ya neno "aongee" kuna ombi jingine: aongee na mimi. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo wengi wao nyumbani hawana wa kuzungumza naye. Usibishane. Mkalishe mbele ya kioo, mwambie atamke bila sauti maneno matatu: bibi, mimi, pipi. Midomo ni ile ile. Kisha baba, mama, papa. Tena ile ile, kwa kuwa tofauti ya b, m na p iko kwenye sauti na pua, nje hazionekani. K, g na ng' hutengenezwa nyuma ya kinywa, hazionekani kabisa. Msoma midomo hodari huona vipande na kujaza mapengo kwa lugha aliyo nayo kichwani. Mtoto asiye na lugha hana cha kujazia. Kusoma midomo kunakuja juu ya lugha, hakuleti lugha.

Wazo kwamba mikono huua sauti lina historia. Mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kuipa usemi kipaumbele juu ya alama, na shule nyingi duniani zikapiga marufuku mikono darasani kwa vizazi. Mwaka 2010, mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver uliyakataa rasmi maamuzi yale na kusikitikia madhara yake. Kwa wale watoto wako wasio viziwi ambao wazazi wao watakuja na hofu hiyo hiyo, kuna mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006: kati ya watu 27 wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa alama au vifaa vya picha, na ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi, na karibu 9 kati ya 10 waliongeza maneno ya kusemwa, wengi wao kwa kiasi kidogo. Hatuwezi kumuahidi mama kwamba mwanawe ataongea. Tunaweza kumwambia kwa uhakika kwamba alama hazitamzuia, na kwamba kumnyima lugha katika miaka ya mwanzo, hasa kabla ya miaka mitano, kunaacha pengo lisilozibika kirahisi baadaye. Kama mtoto anasikia kidogo na ana shimesikio (kifaa cha kumsaidia kusikia), mazoezi ya usemi yaendelee sambamba.

Shimesikio zikaguliwe kila asubuhi, kazi ya dakika mbili. Simama nyuma ya mtoto, utamke moja moja kwa sauti ya kawaida: m, uu, aa, ii, sh, s. Sauti hizi sita za jaribio la Daniel Ling, mtaalamu wa elimu ya viziwi, zinagusa usemi kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Kila akisikia anadondosha kokoto kwenye mkebe. Aliyesikia "s" jana na leo hasikii, ama betri imekwisha, ama nta imeziba, ama sikio linaumwa. Kifaa kinachopiga mluzi mara nyingi kipande cha sikioni hakijakaa vizuri, au mtoto amekua na kimekuwa kidogo.

Darasani, wakae nusu duara waonane, mwanga uangukie uso wako; ukisimama na dirisha mgongoni wanaona kivuli kinachopunga mikono. Usitoe alama wakati wanatazama kitabu. Anayesikia hutazama picha huku akisikiliza maelezo. Kiziwi ana macho hayo hayo kwa kazi zote mbili. Waache watazame, wainue vichwa, ndipo uongee. Hiyo hupunguza mwendo wa somo, na hakuna namna ya kuikwepa.

Mawasiliano ya kila siku kwao yavuke kuomba. Wafundishe kurekebisha mambo yanapokwama, kwa maigizo: wewe uwe muuzaji asiyejua alama, unaongea haraka huku ukiangalia pembeni. Mtoto afanye nini? Aguse bega, aonyeshe sikio, atoe daftari, aonyeshe "andika" au "taratibu", na asikubali kuitikia kwa kichwa jambo ambalo hakulielewa. Kuitikia huko ndiko kunakowaletea matatizo hospitalini na kituoni. Wafundishe kueleza maumivu kwa mpangilio: wapi, tangu lini, kali kiasi gani. Na wote tisa, viziwi na wasio viziwi, wawe na alama au picha za sehemu za siri, "amenigusa", "sitaki" na "mwambie". Watu wazima wengi huona aibu kuziweka kwenye ubao. Watoto wenye ulemavu hudhulumiwa zaidi ya wengine, na mtoto asiye na neno la mahali alipoguswa hawezi kushtaki.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Wale wanne "wanaosikia": waulize wazazi kama wamewahi kupimwa usikivu kwa vifaa, si kupigiwa makofi tu nyuma ya kichwa ili kuona kama watageuka. Mtu anaweza kuwa na usonji na uziwi pamoja, na wapo watoto walioitwa wenye ulemavu wa akili kumbe hawasikii. Wapimwe kabla ya mwaka kuisha. Mtoto mwenye mtindio akikohoa au kupaliwa kila anapokula au kunywa, aonwe haraka na mtaalamu wa matamshi na umezaji, maana chakula huenda kinaingia mapafuni. Usaha sikioni, kutazama hewani ghafla kwa sekunde kadhaa bila kuitika, au maneno aliyokuwa nayo kupotea, ni ya daktari. Mwenye kutupa vitu akianza kujipiga kichwa au kujing'ata, au tabia ikibadilika ghafla kwa siku moja mbili, tafuta kwanza maumivu: meno, masikio, tumbo lililofunga. Na ukishuku amedhulumiwa, usimhoji wewe. Ripoti kwa wahusika wa ulinzi wa mtoto siku hiyo hiyo.

Unapompeleka mtoto kwa mtaalamu, mwombe mzazi ruhusa ya kurekodi kwa simu dakika mbili za mtoto akila, akicheza na akikataa jambo, na uandike kwenye karatasi moja njia zote anazotumia kuwasiliana, hata kuvuta mkono. Kwenye chumba kigeni mtoto mara nyingi hufunga milango yote, na mtaalamu humuandikia kile alichokiona kwa nusu saa.